Tembele ni mboga jamani, siyo dawa ya saratani!

Jumatano, saa tano usiku. Niko chumbani hosteli, mwenzangu kashalala, mimi usingizi umekataa.

Najua nimepotea. Mara ya mwisho kuandika hapa bumu lilikuwa bado halijatoka, sasa limetoka na limeshakwisha... teh teh teh. Ila leo sijaja na stori za bumu wala za foleni ya kafeteria. Leo nina hasira, na bora niziandike kabla hazijapoa.

Mchana ilikuwa zamu yetu mwaka wa mwisho kuwasilisha kazi za utafiti. Ukumbi joto, feni moja inazunguka kama imelazimishwa, watu wamevaa tai za kuazima. Sisi wa upande wa vyakula mwaka huu tumekuwa kama soko la mboga. Mmoja kaja na majani ya maboga, mwingine mchicha pori, mwingine mlonge, mwingine kisamvu. Mimi nilikuwa na tembele. Njia zetu zinafanana kama pacha: chuma majani, osha, gawa mafungu, fungu moja liache bichi, mengine chemsha kwa dakika tano, kumi, kumi na tano. Kausha, saga, loweka kwenye methanoli, chuja, pima. Tunatafuta kujua joto linafanya nini kwenye antioksidanti za majani. Swali zuri kabisa, na linamhusu kila mtu mwenye jiko.

Tatizo siyo swali. Tatizo ni slaidi ya mwisho. Kila aliyesimama, slaidi yake ya mwisho ilisema kitu kilekile kwa maneno yaleyale: kwamba majani haya yana uwezo mkubwa wa kuzuia na kutibu saratani. Makofi. Anayefuata. Majani haya yana uwezo mkubwa wa kuzuia na kutibu saratani. Makofi.

Hiyo sentensi wote tunajua ilikotoka. Ni desa. Imedeswa kwenye kazi za mwaka jana, ambazo zilidesa za mwaka juzi, ambazo zilidesa kwenye makala za watu wa nje. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kugusa saratani.

Na mimi nilikuwa nayo. Nataka mjue hilo kabla sijaendelea kuwasema wenzangu. Ilikuwa kwenye slaidi yangu mpaka jana usiku, nikaifuta. Nilipomaliza kuwasilisha, mhadhiri mmoja wa jopo akaniuliza, "Sasa binti, mbona kazi yako imeishia hewani? Umuhimu wake uko wapi?" Nikajibu kwamba umuhimu wake ni kujua namna bora ya kupika tembele. Watu wakacheka. Kweli, ukumbi mzima ukacheka.

Sikucheka. Ngoja niwaambie kwa nini.

Nina mama mdogo, ndo aliyenilea miaka miwili mama alipokuwa anaumwa. Mwaka jana aligundua uvimbe kwenye ziwa. Akaenda hospitali, wakachukua kipande, majibu yakatoka: ni saratani, bado haijasambaa, inabidi afanyiwe upasuaji kisha aanze dripu. Akaogopa, na nani asingeogopa? Jirani akamletea chupa ya unga wa majani, mlonge uliochanganywa na vitu vingine. Kwenye karatasi yake imeandikwa kwa herufi kubwa: UTAFITI WA CHUO KIKUU UMETHIBITISHA. Chuo gani? Hakijatajwa. Utafiti gani? Haujatajwa.

Akanipigia simu. "Shikamoo mama mdogo." "Marahaba mwanangu. Hivi wewe si ndo unasoma hayo mambo ya majani? Eti ni kweli yana hizo antioksidanti?"

Na mimi, mwanafunzi wa chuo kikuu, nimetoka maabara siku hiyo na majibu mazuri, nimejaa furaha, nikamwambia: "Ndiyo mama, tena yana nyingi sana! Na ukiyachemsha zinaongezeka!"

Basi. Hakuuliza zaidi. Alikuwa anatafuta ruhusa, mimi nikampa bila kujua. Akakaa miezi saba anakunywa unga, asubuhi anasaga majani mabichi kwenye blenda anakunywa juisi yake. Aliporudi hospitali uvimbe ulikuwa umeshafika kwenye tezi za kwapani. Sasa hivi yuko kwenye dripu, nywele zimeisha, anatapika, na bado akiniona ananiuliza kama nimekula. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndo linaniuma kuliko lote.

Kwa hiyo wadau, nisameheni kama leo natoa darasa. Naona nina deni.

TUANZE NA HIKO KIPIMO CHETU. Wengi tunatumia DPPH. Ni kemikali ya rangi ya zambarau. Ukiimiminia kitu chenye uwezo wa kuipa haidrojeni au elektroni, zambarau inafifia inakuwa njano. Unaweka kwenye spektrofotometa, unasoma kwenye nanomita 517, unaandika asilimia. Ni kipimo rahisi, cha bei nafuu, na kinafaa kwa kazi yake. Lakini angalia kilichomo kwenye kile kichupa: kemikali, methanoli na maji ya majani. Hakuna saratani mle. Hakuna damu, hakuna ini, hakuna tumbo. Hakuna hata seli moja.

Ukitia chai ya rangi, inafifia. Kahawa, inafifia. Divai nyekundu, inafifia vizuri tu. Mbona hatuandiki kwamba divai ina uwezo mkubwa wa kutibu saratani? Kwa sababu tunajua tutachekwa, tena pombe yenyewe inajulikana kusababisha saratani. Na hiyo methanoli tunayolowekea majani ni ileile inayopofusha watu ikiingia kwenye gongo. Tunachopima sisi siyo kile mtu anachokula mezani.

Wakubwa wenyewe walishaliona hili. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya vyakula na alama zao za antioksidanti, wanaita ORAC. Mwaka 2012 wakaiondoa, kwa sababu wauza virutubisho walikuwa wanaitumia vibaya kupigia debe bidhaa zao, na namba za kwenye kichupa hazisemi kinachotokea mwilini.

NGAZI YA PILI ni wale wanaokwenda mbali kidogo, wanamwagia seli za saratani maji ya majani kwenye sahani ya maabara. Hapo angalau kuna seli. Zinazojulikana zaidi ni HeLa, zilizotoka mwaka 1951 kwa mama mmoja Mmarekani mweusi anaitwa Henrietta Lacks, aliyekuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Zilichukuliwa Baltimore bila yeye kuombwa ruhusa, akafa mwaka huohuo, seli zake zinaishi mpaka leo maabara za dunia nzima.

Sasa unamwagia HeLa maji ya mlonge, zinakufa. Umeshinda? Mwagia maji ya sabuni, zinakufa. Mwagia chumvi nyingi, zinakufa. Kuua seli kwenye sahani ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuua ya saratani ukaiacha ya mzima, tena ndani ya mtu anayepumua.

Halafu kuna suala la kipimo. Tuseme dawa yako inafanya kazi kwenye sahani kwa mikrogramu 200 kwa kila mililita, na tuseme kwa ukarimu kwamba yote ni kwesetini, moja ya zile polifenoli tunazozisifia. Piga hesabu, uzito wa molekuli 302: unapata kama mikromoli 660 kwa lita. Mtu akila mboga na vitunguu vyake vizuri, kwesetini kwenye damu yake kwa kawaida haivuki sana mikromoli moja, na nyingi imeshageuzwa na utumbo na ini kuwa kitu kingine. Yaani tofauti ya mamia ya mara. Ukitaka kuifikia kwa kula tembele utapasuka tumbo kwanza.

NGAZI YA TATU ndo binadamu, na hapa ndo naomba mnisikilize vizuri. Watu walishajaribu. Finland walichukua wanaume wavutaji sigara 29,133, wengine wakapewa vidonge vya beta-karotini, ileile rangi nzuri iliyomo kwenye tembele na mchicha. Matokeo yakatoka mwaka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu ZAIDI, kwa asilimia 18. Watu wakadhani ni bahati mbaya. Marekani nao walikuwa na utafiti wao unaitwa CARET, watu 18,314, wavutaji na waliofanya kazi na asibesto, wakipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Ikabidi usimamishwe miezi 21 kabla ya wakati. Saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28, na vifo kwa asilimia 17.

Soma tena hapo. Antioksidanti, iliyosafishwa, kwa kipimo kikubwa, iliongeza saratani. Siyo kwamba mchicha una sumu, hapana! Karotini ya kwenye sahani ya mboga haijawahi kuonekana kufanya hivyo. Lakini inaonyesha kwamba ule mnyororo tunaoukariri, antioksidanti nyingi sawasawa na saratani kidogo, siyo sheria ya mwili. Mwili wenyewe huzitumia hizo radikali huru kupigana na vijidudu na kuua seli mbovu. Mionzi ya saratani na baadhi ya dripu hufanya kazi kwa kuzizalisha. Ndo maana madaktari wanawaonya wagonjwa wasibugie virutubisho vya antioksidanti wakati wa tiba bila kuuliza. Mama mdogo alikuwa na chupa mbili kabatini.

SASA TUJE KWENYE JOTO, kwa sababu nisije nikaonekana naponda kazi yetu yote. Mimi naipenda. Kuna kundi huko mitaani na kwenye magrupu ya WhatsApp linasema kupika kunaua kila kitu, mboga ziliwe mbichi, zisagwe zinywewe. Nao ni waongo kwa upande wao.

Joto halifanyi kitu kimoja. Vitamini C kweli inapungua, na ukimwaga maji ya kuchemshia unaimwaga nayo, pamoja na polifenoli zinazoyeyuka kwenye maji. Lakini joto hilohilo linalainisha kuta za seli za jani na kuachia vilivyofungwa ndani, na linazima vimeng'enya vinavyoharibu polifenoli, vilevile vinavyofanya mboga iliyokatwa ibadilike rangi kuwa nyeusi. Mwaka 2002 watafiti wa Cornell walipasha nyanya kwa nyuzi 88: baada ya nusu saa vitamini C ilipungua kwa asilimia 29, huku nguvu ya jumla ya antioksidanti ikipanda kwa asilimia 62. Tembele langu nalo lilinionyesha kitu cha aina hiyo, lile la kuchemshwa kidogo likaifuta zambarau kuliko bichi, na lile la muda mrefu likaanza kurudi chini.

Karotini ndo kabisa. Kwenye jani bichi imejificha, mwili unaipata kidogo. Ukipika ukaweka mafuta, inayeyuka na kuingia. Yaani bibi yako akitia tui la nazi kwenye mboga anafanya sayansi ambayo sisi tunaifanyia projekti. Kwa upande mwingine sukuma wiki na kabichi zikipikwa sana zinapoteza kimeng'enya kinachotengeneza vile viungo vyake vikali, ambavyo navyo vinasifiwa. Kwa hiyo hakuna jibu moja. Kila jani na chungu chake.

Na kuna majani ambayo ukiambiwa uyanywe mabichi, kimbia. Kisamvu! Kina linamarini, ambayo jani likipondwa hukutana na kimeng'enya chake na kutoa sayanidi. Sayanidi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 tu, kwa hiyo ukitwanga vizuri kisha ukachemsha muda mrefu huku mvuke unatoka, inaondoka. Ndo maana kisamvu kinatwangwa na kuchemshwa kwanza, nazi baadaye. Wazee hawakuwa na spektrofotometa lakini walijua. Watu wa Tarime waliona miaka ya 1980 muhogo usiotayarishwa vizuri unavyoweza kupooza miguu ya watu, ugonjwa unaitwa konzo. Halafu leo mtu anakuja na blenda kukufundisha "ulaji wa asili"? Asili gani hiyo? Asili yetu ni kinu na chungu.

Najua sasa hivi kuna mtu anasoma hapa anasema: huyu kasomeshwa na wazungu akawadharau wahenga, anataka tununue dawa za viwanda. Ngoja nikujibu kwa heshima.

Kuna ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, liko kwenye bustani nyingi hapa Bongo, asili yake Madagaska. Wanaita vinka. Miaka ya 1950 huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer walikuwa wanalichunguza kwa sababu Jamaika watu walikuwa wanakunywa chai yake kwa ajili ya kisukari. Kwenye sukari hawakupata kitu. Ila wakaona panya waliodungwa wanapungukiwa chembe nyeupe za damu, wakashtuka: kama inapunguza chembe nyeupe, si itasaidia saratani ya damu? Hapo ikatoka vinblastini, na baadaye vinkristini ikatoka kwenye ua hilohilo. Vinkristini leo inatibu watoto wenye saratani ya damu na wenye uvimbe wa taya wa Burkitt, ule ambao daktari Denis Burkitt aliuelezea mwaka 1958 akiwa Kampala.

Kwa hiyo mimini dawa za mimea? Naziamini kweli! Lakini angalia njia iliyopitiwa: wakaisafisha, wakaipima, wakaijaribu kwa wanyama, kisha kwa watu, wakajua kipimo cha miligramu, wakajua inaharibu neva, wakajua ikidungwa mahali pasipo inaua. Ukitafuna ua lenyewe utapata sumu, siyo tiba. Kuheshimu mmea ni kuufikisha mwisho wa safari. Sisi tunaushusha kituo cha kwanza, tunauvalisha koti jeupe, tunauuza.

Na tusijifanye hatujui inapoishia. Mwaka 2011 nchi nzima ilihamia Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mizizi iliyochemshwa, shilingi 500. Babu amefariki mwaka 2021, Mungu amrehemu, simsemi marehemu. Nasema sisi. Kuna watu walifia kwenye ile foleni, na wapo walioacha dawa zao za hospitali wakidhani wamepona. Ile nayo ilikuwa maji ya mmea yaliyopikwa. Tofauti yake na kazi zetu ni kwamba Babu hakudai ana spektrofotometa. Alisema ni ndoto. Sisi tunasema ni sayansi, na hilo ni zito zaidi, kwa sababu mtu anayekataa ndoto anaweza akakubali "utafiti wa chuo kikuu".

Mkitaka kuandika kuhusu kuzuia saratani, vipo vya kuandika. Wasichana nchini wanapewa chanjo ya HPV tangu mwaka 2018, inazuia hasa ile saratani ya shingo ya kizazi iliyomuua Henrietta. Kuna kuacha sigara. Kuna mama kujipapasa ziwa na kwenda hospitali wiki hiyohiyo, siyo miezi saba baadaye. Haina makofi, najua.

Basi ombi langu kwa washikaji wa mwaka wa mwisho, na ninyi wa mwaka wa pili mnaojiandaa kudesa. Andikeni mlichopima. "Tembele lililochemshwa kwa dakika tano lilionyesha nguvu zaidi ya antioksidanti kwenye kipimo cha DPPH kuliko bichi." Nukta. Halafu ongeza: hatujapima seli, hatujapima mnyama, hatujapima mtu. Kama unataka umuhimu, sema watu wapike kwa muda mfupi, wasimwage maji pale yasipokuwa na uchungu wala sumu, waweke mafuta kidogo. Hicho ni kitu mama lishe anaweza kukitumia kesho asubuhi. Kina aibu gani?

Na wahadhiri wetu, shikamooni. Mkiona kazi inaishia kwenye jiko msiseme imeishia hewani.

Mwisho, mtu wako akikupigia simu kukuuliza kuhusu majani, usijibu swali la majani. Muulize kwanza: "Mama, kuna nini? Nani anaumwa?" Mimi sikuuliza.

Jumamosi naenda kumwona. Kaniagiza nimletee tembele, hamu ya chakula imeanza kurudi. Nitalipika mwenyewe, dakika tano, kitunguu, nyanya, tui la nazi. Atakula kwa sababu ni tamu na kwa sababu anahitaji nguvu ya kumalizia dripu mbili zilizobaki. Inatosha kabisa.

Haya, mwenzangu kaanza kulalamika mwanga wa kompyuta. Alamsiki wadau.